Njia ya Karanga Mpaka kwa Damiani

Jumatatu, 28 Aprili

Leo nimepewa daftari. Mimi Loisi, niliyetoroka shule darasa la nne! Shakila, yule binti wa chuo anayechunguza nyani hapa mlimani Kolo, kasema nyani wakivamia shamba la mtu niende nikaandike. Saa ngapi, wangapi, wamekula nini, nani kakaa karibu na nani. Kasema kanichagua mimi kwa sababu hakuna la kijiji hiki linalonipita. Nimelichukua kama sifa.

Kurasa za mbele ni za nyani. Za nyuma zangu. Humu nitaandika ya moyoni, maana nikimwambia mtu yatafika Kondoa mjini kabla sijafunga mdomo. Nalijua hilo. Mwenye kuyafikisha huwa ni mimi.

La moyoni ni moja tu. Damiani.

Ana miaka hamsini na nane, shamba la mahindi chini ya mlima, na mbwa mmoja mkali. Mkewe Ester ana mwaka wa tatu kaburini. Mume wangu Henry ana wa saba, na walikuwa marafiki, kwa hiyo Damiani ananiita shemeji. Kwenye bomba la maji, shemeji. Kanisani, shemeji. Ni neno zuri, sikatai, ila lina ukuta na geti. Siku akiniita Loisi nachinja jogoo.

Sasa nimepata sababu ya kwenda kwake na kalamu mkononi. Tatizo nyani hawaendi kwake. Mbwa wake, Askari, hana mchezo. Nitaandika nini?

Jumanne, 29 Aprili

Nimeshinda mlimani na Shakila. Shikamoo yake ina adabu, ila mengine! Kanieleza mambo ya nyani mpaka nikajifunika kanga usoni. Eti jike akiwa tayari, matako yanavimba, yanakuwa mekundu, na kila dume anaona toka mbali. Hakuna barua, hakuna mshenga. Nikasema wenzetu Mungu kawarahisishia.

Halafu kanionyesha dume zee, wanaliita Mstaafu. Meno yameisha, ugomvi hawezi. Lakini majike anapata! Nikauliza anapataje. Shakila kasema anakaa karibu, basi. Leo hatua kumi, kesho tisa. Anambebea jike mtoto wake. Anamchambua chawa. Ananyamaza. Sasa hivi yuko kwa jike mmoja wanamwita Shangazi, na Shangazi hata hamtazami.

Mchana kutwa nimemwangalia Mstaafu anavyomwangalia Shangazi. Yale macho nayajua. Nayaona kwenye kioo changu kila asubuhi.

Jumatano, 30 Aprili

Kondoa mjini. Murtaza mwenye duka kaniuliza, dada Loisi, karanga za maganda kilo mbili zote, na meno hayo yaliyobaki? Nikamwambia nina wageni. Sikusema kama wana mikia.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi, na mimi nimefanya kazi kuliko wote. Alfajiri nimemwaga karanga toka kwenye majabali mpaka ukingo wa shamba la Damiani. Hatua mia tatu, karanga moja moja, mgongo umeinama kama napanda. Nyuma ya jiwe nikakaa.

Wakaja! Kumi na wanne. Askari kawatimua, lakini mahindi sita yalishaliwa. Nikajitokeza na daftari, kalamu sikioni, kama bibi shamba. Damiani kasema, eh, shemeji, umefikaje upesi hivi? Nikasema serikali haina usingizi.

Nikamuuliza waliingilia wapi. Akanionyesha. Nikauliza tena. Akanionyesha tena, taratibu, anadhani sisikii vizuri. Tukazunguka shamba zima, na kishonanguo kikanishika kanga yote. Damiani akasema nisimame hapohapo. Akaanza kuvitoa. Kimoja kimoja. Kaanzia begani, anashuka, haongei. Mimi nahesabu. Alipofika karibu na kiuno akakohoa, akasema vilivyobaki nitatoa mwenyewe nyumbani.

Vilibaki viwili. Sijavitoa.

Alisema pia Lydia, binti yake, anampigia kila siku ahamie kwake Mvumi, anakofanya kazi hospitali. Yeye hataki. Eti haya mahindi yakivunwa salama anabaki Kolo. Yasipovunwa, hana la kumzuia. Nilikuwa namsikiliza nusunusu. Bega lilikuwa bado lina joto.

Ijumaa, 2 Mei

Aibu. Ngoja niandike haraka.

Nilivaa kitenge chekundu. Nikaona hakitoshi, nikajifunga kanga mbili kwa ndani, huku nyuma, nivimbe kidogo. Nikapita mbele ya shamba la Damiani. Nikapita tena. Mara ya tatu akaniita. Moyo pwa! Akauliza, shemeji, umekalia siafu? Akaingia ndani, akatoka na chupa ya mafuta ya kuchua, akasema niyapake asubuhi na jioni.

Na nani alikuwa kakaa pale kwenye kigoda? Ritha! Mjane mwenzangu, kamletea mlenda kwenye kibakuli chenye mfuniko. Kacheka mpaka kashika ukuta. Akasema, wifi, pole, uzee huanzia huko. Wifi yake nani?

Kule kwenye majabali kuna mchoro wa kale, mtu ana kichwa kikubwa na miguu ya vijiti. Wageni wanatoka mbali kuja kuuangalia. Wangekuja kwa Ritha tu.

Jumapili, 4 Mei

Kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa nafikiri. Mstaafu anaanza na mtoto. Lakini mtoto wa Damiani ni nesi, ana miaka thelathini na mbili, habebeki. Nani mwingine Damiani anampenda? Askari!

Kulikuwa na sherehe ya ubarikio kwa majirani, akina Joha wa Mathayo, nikakusanya mifupa yote, mfuko ukajaa. Nikampelekea mbwa. Mwanzo alinikoromea. Mfupa wa tatu akatikisa mkia. Wa saba akanifuata mpaka nyumbani, kalala mlangoni kwangu, tumbo juu. Kesho Damiani atakuja kumtafuta. Atanikuta nimekaa na mbwa wake mapajani. Shakila mwenyewe angepiga picha.

Jumatatu, 5 Mei

Kaja! Kasimama mlangoni, kofia mkononi. Kasema Askari hajawahi kumpenda mtu tangu Ester. Halafu akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza, kama Mstaafu, na kwangu kunyamaza ni kazi kuliko kulima. Nikampa chai. Akanywa vikombe viwili. Alipoondoka akamwita mbwa, mbwa akamtazama, akageukia upande wangu. Damiani akacheka, akasema basi alale, atarudi mwenyewe.

Kikombe chake sijakiosha.

Nikaona mambo yanaiva. Yanahitaji msukumo kidogo tu. Ripoti moja nzuri, ndefu, ya kutembea shamba zima. Karanga zimebaki kilo nzima.

Jumanne, 6 Mei

Nimezimwaga zote.

Nilisahau mbwa yuko kwangu.

Walikuja kundi zima. Nilihesabu mpaka arobaini na moja, nikaacha. Dume kubwa mbele, majike na watoto migongoni, Mstaafu nyuma na hindi kila mkono, moja anampelekea Shangazi. Damiani alikuwa kaenda mashineni kusaga. Mimi nilipiga kelele, nikarusha mawe, nikarusha kiatu. Jike moja likanikalia kando linakula na kunitazama, kama jirani kaja kuhani.

Aliporudi hakukuwa na shamba. Mabua tu. Hakutukana, hakupiga yowe. Kaokota hindi moja lililong'atwa, kalifuta vumbi na shati, kalishika tu. Nikatoa daftari. Nikamuuliza waliingilia wapi. Sijui kwa nini niliuliza vile. Mdomo ulijisemea.

Kwenye kurasa za mbele nimeandika: wengi.

Alhamisi, 8 Mei

Damiani kaondoka leo.

Nilikwenda asubuhi kumrudishia Askari. Kasema nibaki naye, kwa Lydia hakuna nafasi ya mbwa. Begi moja, jembe moja, picha ya Ester kaifunga kwenye taulo. Ritha alileta maandazi, akalia kwa sauti. Mimi nikashika kamba ya mbwa.

Tukawa wawili tu pale barabarani tunangoja gari. Akasema kaona maganda ya karanga toka majabalini mpaka ukingo wa shamba, yamejipanga kama yamepimwa kwa futi. Akauliza eti nyani wa siku hizi wanatembea na vikapu? Nikasema dunia imebadilika. Akanitazama muda mrefu. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Akasema, Loisi.

Loisi! Bila shemeji!

Akasema, Loisi, siku zote zile ulikuwa unakuja kuandika nyani tu?

Na mimi, mdomo huu ambao hauishi chaji, mdomo uliotangaza mimba za kijiji kizima kabla ya wenye mimba kujua, nikasema: ndiyo, kazi ni kazi.

Akaitikia kwa kichwa. Gari likaja.

Jogoo sijamchinja. Sikuwa na hamu ya nyama.

Mchana Shakila kanivuta mlimani nikaone jambo. Shangazi kajilaza mbele ya Mstaafu, kampa mgongo, anachambuliwa, macho kafumba. Shakila anaandika kwa furaha. Kaniambia kwa nyani hawa, majike wanabaki walikozaliwa na mama zao na dada zao. Madume ndiyo yanayohama. Nikamwambia hilo nimelishuhudia leo saa tatu asubuhi, aandike. Akauliza, mama, mbona unalia? Nikasema pilipili.

Jumamosi, 10 Mei

Kapiga simu! Nimeipokea kabla haijalia sawasawa.

Kasema Mvumi ni kuzuri. Analala vizuri. Lydia anashinda kazini, yeye anamwagilia bustani ya mchicha na nyanya. Kamuulizia Askari. Kaniuliza mgongo. Halafu kasema huku ni kutulivu mno, Loisi, hakuna anayekuja kuuliza kitu mara tatu. Kasema Lydia ana chumba cha wageni. Kasema nikipata nafasi, karibu, nije tu.

Nije tu!

Nikakata simu nikacheza na mbwa uani. Halafu nikakaa chini nikafikiri kama mtu mzima. Hivi kweli mwanamke wa umri wangu anakwenda Mvumi kwa mwanaume hivihivi, mikono mitupu, hana shughuli? Nitasema nimefuata nini? Hapana. Lazima pawe na sababu.

Nimemuuliza Shakila kama Mvumi kuna nyani. Kasema hana hakika, ila tumbili wapo sehemu nyingi, na bustani ya nyanya wanaipenda sana.

Basi la asubuhi ni kesho. Begi liko tayari: kitenge chekundu, daftari jipya, na kanga ile yenye vishonanguo viwili. Askari nitamwacha kwa Ritha, huko angeharibu kazi. Na karanga kilo nne, maana Murtaza siku hizi haulizi tena, anapima tu.

Maganda nimeyatoa yote usiku huu. Tumbili wana vidole vidogo, wasije wakahangaika.