Meza Moja kwa Wafu wa Nyumba Mbili

Jumapili, 14 Januari

Asante Mungu kwa theluji, ingawa ungeweza kuipunguza. Imefika dirishani. Barabara ya bondeni imefungwa tangu juzi.

Habari kubwa! Bibi Makvala anauza nyumba. Ile ya juu kabisa, yenye mnara wa mawe. Anashuka bondeni kwa binti yake, magoti yamegoma. Nimeitamani nyumba ile tangu nikiwa mtoto wa makamasi. Watalii wanaokuja kuteleza kwenye theluji watalipa kulala mnarani. Mke wangu Pati atawapikia. (Pati bado hajaambiwa.)

Shemeji Jokia, kaka yake Pati, naye anaitaka. Kwa nini? Kwa sababu mimi naitaka.

Bibi ana sharti moja. Mimi nashuka, amesema, lakini marehemu mume wangu na wazee wake hawashuki. Alhamisi wanakuja kula kama kila mwaka, wanakaa hadi Jumatatu. Mnunuzi awakaribishe yeye. Nikiona wametulia, natoa ufunguo. Ameanza na mimi kwa kuwa mimi ni mcha Mungu. Nikishindwa, mwakani ni zamu ya Jokia.

Nishindwe! Kukaribisha wafu? Hawachagui chakula, hawavunji vikombe.

Jumanne, 16 Januari

Tatizo. Pati ameuliza: na wa kwetu je? Baba yako aje Alhamisi akute mlango umefungwa?

Hilo sikuwa nimeliwaza. Mwenye nyumba hukaribisha wafu wake kwa mdomo wake mwenyewe, nami mdomo ninao mmoja. Nguruwe wa kuchinja pia mmoja.

Wazo! Meza moja. Wa kwetu nao waje juu kwa Makvala.

Pati akajipiga paja. Umemsahau babu yako Bimurza? Yeye na mzee Gela, baba mkwe wa Makvala, walikufa hawasalimiani. Ugomvi wa konde la majani ya ng'ombe. Kila masika theluji ikiyeyuka, jiwe la mpaka lilikuwa limesogea. Gela alisema ni Bimurza. Babu aliapa mbele ya picha takatifu kwamba hakuligusa.

Nikamwambia Pati mauti hufuta yote. Akasema babu yako huyo, mauti yenyewe yalimwogopa.

Jumatano, 17 Januari

Nimewasha mshumaa kando ya jiko letu, nikavua kofia. Nikasema kwa adabu: baba, babu, na ninyi wengine, mwaka huu chakula kiko juu kwa Makvala. Nifuateni. Hakuna aliyepinga.

Jokia alikuwa juu ya paa lake anaondoa theluji kwa sepetu. Akapiga kelele kijiji kizima kisikie: "Shemeji! Unaswaga wafu kama mbuzi? Umewahesabu?" Nikamwombea kwa Mtakatifu Giorgi. Si kwa moyo wote.

Jambo dogo. Mbwa wetu Kursha hajaondoka kando ya jiko tangu baba afe. Leo alinifuata mlimani. Lakini hakutembea visiginoni pangu. Aliacha nafasi kati yetu. Niliposimama, alisimama. Nafasi ikabaki, kiasi cha watu kadhaa.

Ni theluji tu. Mbwa hapendi kurushiwa theluji usoni.

Alhamisi, 18 Januari

Jioni, jua lilipogusa mlima, nilifungua mlango wa Makvala, nikasema karibuni. Baridi ikaingia. Nikafunga. Ikaendelea kuingia.

Meza ya kupendeza. Mikate ya nyama, maharage, viazi vilivyopondwa na jibini. Hakuna mfupa hata mmoja, wafu hawana meno. Wa Makvala benchi la upande wa jiko, wa kwetu benchi la upande wa dirisha. Mabenchi yakalia, moja kisha jingine, kama yanavyolia watu wazito wakikaa.

Nikainua glasi ya araki. Nikaanza kuwatakia heri. Ndipo nikaona miali ya mishumaa. Ya upande wa jiko imelalia kwenye jiko, ya upande wa dirisha imelalia dirishani. Kama watu waliopeana migongo. Upepo gani unavuma pande mbili?

Bibi Makvala, kitini kwake, akauliza nani anakohoa. Nikasema ni upepo, bibi.

"Upepo hauna kifua, mwanangu."

Kikohozi nilikitambua. Babu alikufa nacho.

Ijumaa, 19 Januari

Ubatizo wa Bwana. Padri amebariki maji ya mto kwenye tundu la barafu. Nimebeba chupa ili niwanyunyizie wapatane. Pati kaninyang'anya mlangoni. Maji ya baraka kwa wafu walio mezani! Unataka kuwafukuza wageni, mwehu wewe?

Wazo jingine. Wagomvi hutulia kila mmoja akijua pake. Nimelaza kamba ya kufungia majani katikati ya meza, mwanzo hadi mwisho. Nikatangaza: huku kwenu, huku kwetu. Kimya kizuri. Mishumaa ikasimama wima. Bibi akatikisa kichwa kukubali. Ufunguo nauona!

Jumamosi, 20 Januari

Nimelala huku juu kwa Makvala, nimeamka, kamba imesogea. Shubiri nzima, kuingia upande wa Makvala.

Jokia! Nikatoka nje kutafuta nyayo zake. Theluji ya mlangoni laini kama shuka jipya.

Basi ni kweli. Alikuwa babu miaka yote ile. Na aliapa mbele ya picha takatifu! Nimeona aibu. Na, Mungu nisamehe, fahari kidogo. Miaka ishirini kaburini, mkono bado mwepesi.

Jumapili, 21 Januari

Sikwenda ibadani. Kamba imefika karibu na ukingo. Wa Makvala wamebakiwa na nafasi ya kisahani.

Nikasema niirudishe kabla bibi hajaamka. Asubuhi, jua limejaa chumbani. Nikaishika, nikavuta.

Ikavutwa.

Si kwa hasira. Polepole, kwa ustadi, kama mtu aliyeizoea kazi. Nikaachia.

Bibi Makvala alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakunigombeza. Alitazama benchi la upande wa jiko akauliza: "Jabu wangu anakaa wapi?"

Jabu ni mumewe. Poromoko la theluji lilimchukua mwezi wa pili, wakampata masika. Nikasema yupo, bibi, amebanana tu.

Akalia bila sauti. Nilitaka nimwache mahali penye joto, akasema. Hilo tu.

Nikaenda kutia kuni jikoni. 

Jumatatu, 22 Januari

Siku ya kuwasindikiza. Nikafungua mlango, mikate ya safari mkononi. Kursha alikaa kizingitini. Wa Makvala wakatoka. Najua, kwa sababu kichwa cha Kursha kilimfuata mmoja hadi nje, kikarudi, kikamfuata mwingine. Wa mwisho alichelewa. Bibi aliinua mikono akafunga vifungo vya koti ambalo halikuwapo.

Nikawaita wa kwetu. Baba alitoka na wenzake, Mungu amrehemu. Kisha Kursha akarudi ndani akalala chini ya benchi la dirisha. Benchi likalia, kama mtu anayejinyoosha.

Bibi akalisimamia na mkongojo. "Bimurza! Kwenu!"

Kursha akainuka shingo upande.

Ufunguo sikupewa. Hauzi tena, kwangu wala kwa Jokia. Haendi bondeni. Babu yako njia ameshaijua, amesema. Nikiondoka, mwakani Jabu atakuta pake pamekaliwa. Magoti na yaume.

Nikashuka. Kursha nyuma, na nafasi yake. Ya mtu mmoja.

Jumanne, 23 Januari

Pati hasemi nami. Jokia yuko juu ya paa: "Shemeji, ufunguo vipi? Au wafu wameondoka nao?" Wafu wa kijiji kizima wameshakwenda. Kwetu kuna mmoja anakohoa kando ya jiko.

Nimesali sana. Nimemwahidi Mungu, na Pati kupitia ukuta, kwamba nimejifunza. Cha mtu ni cha mtu.

Kisha nikaenda kutazama konde letu la majani. Limepakana na la Jokia. Jiwe la mpaka nililifukua ili nilione tu. Ni zito, baba alikuwa akisema halisogei bila watu wanne. Nikaliegemea kidogo, kwa bega, kupumzika.

Lilikwenda upande wa Jokia kama kisu kwenye siagi.

Theluji imeshalifunika tena. Masika Jokia akiuliza, nitaapa mbele ya picha takatifu.