Mkuu wa Mabawa

Jumatatu, 6 Oktoba
Prof Sumaili amegawa kazi za roketi ya chuo. Ni chupa ya plastiki yenye maji kidogo. Unaijaza hewa kwa pampu ya baiskeli, kizibo kinafyatuka, maji yanatoka kwa nguvu, chupa inaruka. Msukumo amepewa Falonne. Mimi, Djamali, niliyelelewa na fundi baiskeli, nimepewa mabawa. Ya karatasi ngumu! Jumamosi wanakuja wageni kutoka Kindu. Wakiipenda roketi, mkuu wa msukumo ataipeleka huko. Nimempongeza Falonne. Nimeanza kupanga.

Jumanne, 7 Oktoba
Injini ya siri: chupa mbili, zimeunganishwa kwa gundi ya viraka. Nimeijaribu nyuma ya jiko la shangazi yangu, tantine Aziza. Gundi imeachia. Maji yote yameingia kwenye unga wa muhogo aliokuwa ameanika. Nimemweleza kwamba ni sayansi. Amejibu kwamba mutu wa sayansi hashindwi kutwanga. Nimetwanga mpaka magharibi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Chupa ya Falonne imepita paa la darasa. Makofi. Nami nimepiga, mawili. Baadaye nimemshauri kirafiki aijaze maji hadi shingoni: maji mengi, nguvu nyingi. Uongo mtupu. Ameuandika ushauri kwenye daftari, na jina langu pembeni, akashukuru. Nimeondoka haraka.

Ijumaa, 10 Oktoba
Ushauri umejaribiwa. Roketi imefika magotini. Ushindi! Lakini Falonne amefurahi: sasa anajua kikomo cha maji. Prof amenisifu mbele ya wote, kisha akanipa heshima ya kushika chupa katika majaribio mengine ishirini. Nimelowa mpaka soksi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Asubuhi nilificha chupa ya Falonne nyuma ya mlango, nikaweka yangu. Gundi mara tatu. Wageni mbele, tantine ndani ya kitenge cha sikukuu. Falonne, bila kujua, akapampu. Mlio! Nusu ya juu ikaangukia paani. Nusu ya chini ikapita katikati ya miguu ya mgeni mkuu na kumlowesha suruali. Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyecheka pia.
Falonne aliitazama gundi. Akanitazama mimi. Kisha akawageukia wageni: "Hii ilikuwa ya kuonyesha kwa nini tunapima kiungo kwanza. Sasa mutaona yenyewe." Akaitafuta chupa yake, akaikuta. Ilipanda mpaka tukaipoteza kwenye jua. Anakwenda Kindu.

Jumapili, 12 Oktoba
Falonne amekuja nyumbani. Mbele ya tantine aliulizia afya tu. Tantine alipoingia jikoni, akasema kwa sauti ya chini: "Djamali, ni weye?" Nikakubali. Nikangoja matusi. Akasema roketi isingenyooka bila mabawa yangu, kwamba Kindu wanapokea watu wawili, na kwamba jina la pili ni langu. Sharti lake ni moja: nisiguse msukumo kabisa. Nimeapa kwa Mungu.
Alipoondoka nimekwenda sokoni kwa Abdoul, anayejaza upepo magurudumu ya pikipiki kwa mashine. Nimemuuliza kama mashine inabebeka mpaka Kindu. Inabebeka. Falonne mwenyewe atanishukuru.