Ndoo ya Chakula cha Samaki Irudishwe

Kwa Bi. Marlys Haugen,
Mwenyekiti, Chama cha Wafuga Samaki wa Uani,
Minnesota.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini hujambo na mabomba yako hayajaganda. Mimi ni mzima, ila nimekasirika.

Jumapili baada ya ibada ulichungulia bwawa langu, ukaondoka na ndoo yangu ya chakula cha samaki. Ulisema, "Verlyn, maji yakiwa baridi hivi tumbo la samaki halisagi kitu. Chakula kitawaozea humo humo, wafe. Wenyewe wamelala chini, hawataki. Ndoo utaipata barafu ikiyeyuka, bwana." Napinga kwa hoja hizi:

1. Samaki hawa niliachiwa na marehemu mke wangu, Ardis. Aliniambia niwatunze. Hakusema kiangazi tu.

2. Eti hawataki. Nani hapa kwetu hukubali chakula akikaribishwa mara ya kwanza? Wewe mwenyewe keki yangu uliikataa mara mbili, ya tatu ukala, na kipande kingine ukafungiwa. Yule samaki mwekundu mnene, ninayemwita Mchungaji, amekulia kwenye ua wa Walutheri. Anaona haya tu.

3. Kama baridi inazuia kula, chama kifute karamu ya Februari kanisani. Nitaunga mkono, nikishashiba.

4. Kile kitundu kwenye barafu, ulichoniamuru nikiache wazi wapate hewa, ni mlango. Mlango u wazi na mwenyeji hana cha kutoa: aibu ni ya nani?

Ndoo isiporudi kufikia Jumamosi, najiuzulu kupika kahawa ya mikutano. Mtakunywa ya mumeo.

Msalimie huyo Duane, wajukuu, na mbwa wenu aliyenikojolea buti.

Wako kwa heshima na kinyongo,
Verlyn Tollefson

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilikwenda kuwakaribisha samaki kwa punje chache zilizobaki kwenye kopo la kuchotea. Wakakataa. Nikakaribisha tena, wakakataa. Mara ya tatu Mchungaji hata pezi hakutikisa, nikajua si adabu, ni kweli hataki. Punje nimezitoa kwa chujio. Kaa na ndoo. Ila tangu Ardis aondoke sijajifunza kupika chakula cha mtu mmoja, na sufuria ya viazi na nyama iko ovenini. Najua wewe na Duane mtakataa. Basi hesabuni kwamba nimekwisha kuwakaribisha mara mbili, na hii ni ya tatu.