Redio ya Marehemu Baba na Ngamia Aliyebana Maziwa

Jumamosi, 10 Mei

Redio kaseti ya marehemu Baba imegoma. Stesheni inashika vizuri, lakini kaseti haizunguki. Ukibonyeza inanguruma kidogo, kisha kimya. Na Addi, ngamia wetu mweupe, amekataa kukamuliwa.

Mambo haya mawili ni jambo moja. Addi hashushi maziwa asipoimbiwa, na aliyemwimbia ni Baba peke yake. Mwaka jana, kabla ya kupelekwa hospitali Meru, Baba alirekodi ule wimbo, upande A na upande B, ili Mama aweze kumkamua mpaka yeye atakaporudi. Hakurudi. Tangu hapo Addi anakamuliwa kwa kaseti, na maziwa hayo ndiyo Mama anauza hapa Kambi Garba.

Mama amesema redio ipelekwe kwa Githae, fundi wa pale stendi. Nimekataa. Nyumba yenye mwanamume haipeleki redio kwa Githae. Mama akanikumbusha alivyosema Baba, kwamba mikono yangu ni miguu iliyopotea njia. Nimeapa kuitengeneza mwenyewe. Amenipa mpaka Alhamisi. Siku hiyo anapita mnunuzi wa ngamia kutoka Oldonyiro, na ngamia asiyetoa maziwa, amesema Mama, hawezi kula bure.

Jumapili, 11 Mei

Nimeifungua. Ndani mna ukanda wa mpira unaozungusha kaseti, au niseme ulikuwemo. Umeyeyuka umekuwa lami. Nimeipangusa kwa kitambaa cheupe nilichokiona karibu. Mke wangu Umulkheir anasema ni mtandio wake wa kwendea harusi. Huyu mwanamke hajui ufundi una gharama.

Ukanda mpya nimeukata kutoka tyubu ya pikipiki. Githae anauza za kiwandani, lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini, na Githae hata ndugu si ndugu.

Jioni tumejaribu. Mama akasimama kwa mguu mmoja, kibuyu juu ya paja la mguu mwingine, kama ilivyo kawaida ya kukamua ngamia. Baba akaanza kuimba kama mtu aliye ndani ya kisima, kila neno likivutwa kwa kamba. Addi akasikiliza, akapiga magoti, akalala.

Jumatatu, 12 Mei

Shida ni kasi tu. Nyuma ya mota kuna tundu, na ndani ya tundu kuna skrubu ndogo. Nimeizungusha. Sasa Baba ana sauti ya mtoto wa mbuzi.

Addi amepiga teke. Kibuyu kimeenda upande wake, mimi upande wangu. Paja limevimba. Umulkheir ameuliza amwite daktari au Githae. Nimemwambia hakuna atakayeitwa.

Githae mwenyewe akapita, akasema habari kwa ule upole wake wa kuudhi, akauliza redio inaendeleaje. Nani kamwambia? Nimemjibu inaimba kuliko zamani, na huo si uongo.

Jumanne, 13 Mei

Asubuhi nimekuta ukanda mwembamba juu ya meza, ndani ya kijikaratasi cha nailoni. Lazima ulidondoka kutoka kwenye redio nilipoifungua. Umulkheir alikuwa anaosha vyombo, amenipa mgongo. Nimeuvalisha, umekaa sawasawa. Ile skrubu nimeirudisha. Kaseti inazunguka kama siku iliponunuliwa! Nani mwenye miguu kwa mikono sasa?

Nikabonyeza kuhakikisha. Kimya. Nikadhani ni spika. Nikaitukana spika, nikamtukana Githae na bisibisi zake zote, nikamtukana Addi, nundu yake na mama yake aliyemzaa. Nilikuwa na mengi ya kusema. Kisha nikaangalia, nikaona nimebonyeza vitufe viwili, na kimoja ni kile chekundu cha kurekodi.

Nimesikiliza upande A. Wimbo wa Baba haupo. Nipo mimi, natukana.

Nimekwenda nyuma ya zizi nikalia. Naandika kwa sababu hakuna anayesoma hapa. Sauti ambayo kifo kilituachia nimeifuta mimi kwa kidole. Umebaki upande B peke yake. Kesho nitauweka huo kabla Mama hajafika, na hatajua kitu.

Jumatano, 14 Mei

Niliuweka. Nilisahau kwamba Mama kila jioni huitoa kaseti, huipuliza vumbi, na huanza na upande A. Nilitaka kukimbia, paja likakataa.

Matusi yangu yakatoka kwa sauti ya juu. Addi akainua masikio. Akatulia. Akashusha maziwa mpaka povu likamwagika kwenye kibuyu.

Mama alicheka hadi akashindwa kusimama kwa mguu mmoja. Halafu akalia. Akasema hivyo hasa ndivyo Baba alivyokuwa akimkamua Addi siku zote, kwa matusi, na kwamba ule wimbo aliimba kukiwa na wageni tu. Akasema sauti yangu ni ya Baba, haina hata tofauti ya punje, na kwamba hakuwa ameisikia ikigomba tangu mwaka jana. Sikujua niangalie wapi.

Kisha akaniambia upande B usiguswe na mtu yeyote maadamu yeye yu hai.

Ijumaa, 16 Mei

Mnunuzi wa Oldonyiro alipita jana akaondoka mikono mitupu. Mji mzima unajua nimetengeneza redio. Nimewaambia mimi mwenyewe.

Baada ya swala Githae amekuja kunipa mkono. Akanishauri nivunje kile kijino cha plastiki mgongoni mwa kaseti, ili upande B usirekodiwe tena kwa bahati mbaya. Nimemshukuru, nimekataa. Hawezi Githae kunifundisha kaseti ya baba yangu.

Isitoshe, nimeusikiliza huo upande B. Una mchakacho kidogo, unamharibia Baba sauti. Mama hakusema usisafishwe, alisema usiguswe. Nimeshafungua kifuniko cha redio, na nimechukua manukato ya Umulkheir nisafishie. Kitufe chekundu vidole vyangu vimeshakipaka lami ya ule ukanda wa zamani, siku hizi ni cheusi kama wenzake, lakini nakijua. Ni kile cha kushoto. Au ukiigeuza redio, cha kulia.