Kondoo Wanene wa Renatus

Jumatatu, 1 Machi 1993. Butiama.
Serikali inapunguza wafanyakazi. Kwenye zizi la utafiti atabaki mmoja: mimi au Hyasinta. Atakayechagua ni Dkt. Ngolo. Kila mmoja wetu ana kondoo wake, waliotiwa ugonjwa wa moyo makusudi. Moyo ukichoka, maji hujaa mwilini. Wanapewa dawa ya kukojoza, na daktari anaangalia kwa mashine ya ultrasaundi kama maji yanapungua. Hayo ya kwake. Mimi nimeona kitu kimoja: kila Ijumaa, kabla ya mashine, kondoo hupandishwa kwenye mizani!

Jumatano, 3 Machi.
Hyasinta kawanyima kondoo wake chumvi. Wamekonda, maskini. Mimi nilikuwa dalali mnadani Bunda. Mnyama akilamba magadi hunywa maji mpaka anapendeza. Nimechanganya magadi kwenye pumba. Wamelamba hadi karai!

Ijumaa, 5 Machi.
Wangu wazito kuliko wote! Nikamtazama Hyasinta kwa huruma. Daktari hakunipongeza. Akapitisha mashine: mishipa ya shingo imefura, mapafu yana maji. Mmoja anahema kama kapanda mlima. Daktari akauliza wamekula nini. Nikasema nyasi. Hyasinta akadakia kwamba kondoo wa Renatus wanakunywaga maji kama wako harusini. Chuki tu. Daktari akasema mgonjwa wa moyo akinenepa ghafla, hayo ni maji, si nyama. Anataka uzito ushuke.

Kumbe! Si angesema mapema.

Jumatano, 10 Machi.
Nimeondoa magadi. Maji pia, tangu jana. Ndoo nimeificha. Wanalia. Hyasinta akaja kuuliza kulikoni, nikamwambia wamenizoea.

Ijumaa, 12 Machi.
Uzito umeshuka ajabu! Nikaanza kutoa shukrani. Mashine ikaniharibia. Mishipa imesinyaa, haijulikani damu inapita wapi. Daktari akasema mizani inadanganyika, lakini mashine inaona ndani. Akamwagiza Hyasinta alete maji, awape kidogo kidogo. Kondoo wangu wakamkimbilia yeye. Hilo liliniuma, sikutegemea.

Kazi kapewa Hyasinta.

Jumapili, 14 Machi. Musoma, kwa dada Esta.
Nimetafakari sana. Kosa ni la ile mashine. Esta kanitafutia kibarua kliniki ya watoto, kupima uzito. Nikamuuliza kama wana mashine ya kuangalia ndani. Hawana. Mizani tu.

Naanza kesho. Akina mama wanapenda watoto wanene.