Lita Mbili za Mzee

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Daktari kaandika: oksijeni, lita mbili kwa dakika, nyumbani, saa zote, hasa akilala. Mzee wangu kapiga randa miaka arobaini, vumbi la mbao limemkaa kifuani. Siku hizi kutoka kitandani hadi mlangoni anapumzika mara mbili, na bado anajifanya anakagua kitasa. Mwanamume huyu nampenda jamani.

Kazi sasa ni kuchagua mashine. Wifi yangu, dada mkubwa wa Mzee, kaja na picha kwenye simu: kimashine cha kuning'iniza begani kama mkoba. Kasema ndicho hicho, keshauliza watu. Wifi huwa keshauliza watu. Mimi nimeona nyingine, duka la vifaa vya wagonjwa. Kubwa, ina magurudumu, imeandikwa lita kumi. Shule niliishia darasa la nne, lakini najua kumi inaishinda mbili.

Mpango: niende peke yangu, niwekewe mrija puani, nihakikishe.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimeingia dukani nakohoa, nimejitanda shuka, mkono kifuani. Muuzaji ni mama aliyekuwa muuguzi zamani, wote wanamwita Sista. Nikamwambia pumzi inakata, aniwekee ile kubwa upesi. Hakubisha. Kanibana kidole kwa kidude chenye taa nyekundu, kinachopima oksijeni mwilini. Tisini na tisa. Kasema, mama, kwa mapafu haya unaweza kupuliza majiko ya mtaa mzima. Wateja wakacheka. Mmoja alikuwa na magongo, akacheka nusura aanguke.

Nikakiri kwamba mgonjwa ni Mzee. Akanikalisha, akanieleza bila haraka. Mashine haina gesi ndani. Inavuta hewa hii hii ya chumbani, inaichuja, inabakiza oksijeni. Ndogo hutoa kidogo kidogo, kila mgonjwa anapovuta pumzi. Kubwa hutiririsha muda wote. Na ukubwa wa mashine si dawa, dawa ni namba aliyoandika daktari.

Anaeleza hadi raha. Nimetoka na elimu kubwa: kumbe kila kitu kinafuata namba.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimeongeza moja mbele ya mbili kwenye barua ya daktari, ikawa kumi na mbili. Nikaipeleka.

Sista kaisoma, kanitazama, kaisoma tena. Hakuuliza nani kaichezea. Kaniita chumba cha nyuma, kafunga mlango. Kaniambia kifua kama cha Mzee kimeshazoea hewa kidogo. Ukikipa nyingi kupita kiasi, pumzi inalegea, mtu anasinzia, na anaweza asiamke.

Nikamuuliza, hata kama nimemwekea kwa upendo? Kasema, hata kwa upendo, mama.

Nimelia hadi shuka limeloa. Hakunigombeza. Kampigia daktari simu, namba ni mbili, barua nyingine italetwa. Kasema kesho tumlete Mzee, alale pale pale, aina zote mbili za mashine zijaribiwe kidole kikiwa kwenye kipimo. Yule ni mtu na nusu. Kuanzia leo naacha ujanja.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Wifi kaja kapendeza kama anayekwenda kupokea tuzo. Mzee kalazwa, tumeanza na kimashine chake. Macho wazi, tisini na mbili. Wifi akanikata jicho. Kisha Mzee akasinzia, mdomo wazi, kama kawaida yake. Kimashine kinangoja avute kwa pua, hakisikii kitu, kikaanza kupiga kelele. Themanini na tano.

Nilikuwa na maneno ya kumpa wifi, nimeyatunza tangu harusi yangu. Nikafungua mdomo. Nikamwona kashika mguu wa mdogo wake kwa mikono miwili, midomo inamcheza. Nikayameza.

Sista akaleta kubwa nyingine, ya lita tano, akaifungulia hadi mbili tu. Inanguruma kama friji kuukuu. Themanini na nane. Tisini. Tisini na tatu, ikatulia hapo, na Mzee anakoroma. Wa kwanza kusema ni wifi. Kasema, hii hapa, wifi, mimi nilikosea. Kweli wifi yangu ana moyo. Mimi ningebisha hadi jioni.

Nikauliza kwa sauti ndogo kwa nini si ile ya kumi. Sista kagonga kidole kwenye namba mbili. Nikasema basi.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mashine imefika. Mzee kaagiza futi yake, kapima mwenyewe akiwa amekaa: mbali na ukuta, mbali na pazia, mbali kabisa na jiko. Mtungi wa oksijeni ya akiba pembeni, umeme ukikatika. Mimi nikaifunika kwa kitambaa changu cha kufuma, kama televisheni. Ikalia. Mzee kakitoa, kasema mke wangu, nayo inapumua. Sikujua.

Jioni kaburuta mrija hadi barazani, hakusimama hata mara moja. Kakaa, kaanza kuukosoa mlango wa jirani kwamba umepinda. Sijasikia maneno matamu kama hayo mwaka mzima.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Habari zimeenea kwamba mimi ni mjuzi wa vifaa. Jirani kaniomba nimsaidie kumchagulia mama yake kiti cha magurudumu. Duka ni lile lile. Kiti hakichaguliwi kwa macho, lazima mtu akikalie, na hawatamkalisha mzima. Sista atanijua, kwa hiyo wifi ananiazima miwani yake, na ndiye atakayenisukuma. Keshauliza watu.

Nimeanza kuchechemea tangu asubuhi, nizoee. Mzee kaniuliza kwa huruma ni mguu gani unauma. Nikamwambia mimi na wifi bado hatujaamua.