Kamati ya Kuwavika Waogaji

Jumanne, tarehe kumi na nne Juni, mwaka 1661, Halmashauri ya mji wetu wa Castelrovo ilipuliza tarumbeta na kutangaza kwamba uchi umekomeshwa. Si uchi wa maskini. Huo uliendelea kama kawaida. Ni ule wa kwenye karatasi.

Mimi Tiburzio ni mpiga chapa. Shule sikusoma, ila bamba la shaba la kuchapia picha nalijua. Lililoshtakiwa lilikuwa karakanani kwetu: watu sita wanaoga mtoni, milima nyuma yao, hawana hata uzi mwilini. Yule aliyekaa juu ya jiwe, kageuza mgongo, ni mke wangu Olimpia. Mchoraji alimwomba akae, tukapata unga wa kipupwe kizima. Baadaye homa ikamchukua, daktari wa Halmashauri akiwa karamuni na waliomwajiri. Sura nyingine yake sina.

Siku hiyohiyo askari walikusanya nakala zote za mjini wakazichoma, pamoja na ile iliyokuwa juu ya kitanda changu. Ikaundwa kamati ya watu watano, mwenyekiti Mheshimiwa Bonaccorso.

"Fundi, tupigie nakala tano," akaniambia. "Kitu hakifichwi kabla hakijachunguzwa."

"Niongeze ya sita, mheshimiwa? Yule ni marehemu mke wangu."

"Wewe ni mgane. Macho yako hayajala kiapo."

Akaondoka na nakala zake, na bamba akalitia lakiri. Uchunguzi ulichukua wiki sita, kila mjumbe nyumbani kwake, mlango kaufunga, kwa manufaa ya umma.

Kisha wakaleta mchongaji wao awavike waogaji. Bwana huyu maisha yake yote alichonga wakubwa tu. Vazi alilolijua ni moja: joho la Halmashauri, na kola yake pana. Akawavika wote sita. Nikapiga nakala mia mbili zilizoidhinishwa, zikapelekwa sokoni.

Nunziata muuza jibini akaiinua moja juani. "Kumbe wakubwa wanaoga na majoho," akasema. "Ndiyo maana hawatakati."

Kufikia Jumapili hata kanisani watu walikuwa wanaziba midomo wasicheke. Jumatatu likatoka tangazo la dharura: waogaji wavuliwe nguo mara moja, kwa heshima ya Halmashauri.

Lakini kukwangua shaba si kuvua shati. Joho la Olimpia lilipotoka, lilitoka na mgongo wake. Pale juu ya jiwe pakabaki peupe, kama sahani iliyorambwa.

Kikao kikaitwa, wananchi tukaruhusiwa kusimama ukutani. Wake wa wajumbe walikaa nyuma wakijipepea kwa vipepeo vyao. Mchongaji akaomba nakala moja tu ya zamani, apate kumrudisha yule mwanamke. Wajumbe wakaapa, mmoja baada ya mwingine, kwamba zao walizichoma bila hata kuzikunjua. Walichokitazama ni bamba, basi.

"Basi nielekezeni," akasema mchongaji.

"Alikuwa na kovu," akasema Bonaccorso, sauti imelegea kidogo. "Bega la kushoto."

"Dogo, kama dengu," akaongeza wa pili.

"Kushoto, naam," wakaitikia waliobaki.

Vipepeo vikasimama.

Nililala nyuma ya bega lile miaka kumi na moja. Kovu lilikuwa kulia, na kwenye shaba lilichorwa kulia. Mtambo ndio hugeuza, kulia kwa shaba kukawa kushoto kwa karatasi. Kushoto lilikuwa kwenye karatasi tu, na hilo kila mke wa mji huu wa wapiga chapa analijua.

Nikavua kofia. "Waheshimiwa, mnisamehe, mimi sikusoma. Mke wangu analala nyumbani kwa nani kati yenu?"